Linawaka Mara Moja, Asubuhi na Jioni

Jumamosi, 31 Mei 2025

Gari limeondoka. Basi.

Nilidhani Baba Hilda atalia, kumbe aliyelia ni mimi. Yeye alisimama getini na tambara lake la kufutia vioo, anapungia vumbi. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, asishike usukani tena. Miaka thelathini na sita dereva wa serikali, hajakwaruza hata ndoo! Sasa hela ya gari ndiyo itakayompasua macho.

Aliyelinunua ni Mwanahawa, mfanyabiashara wa vitenge na mashuka kutoka Kondoa. Ana kama miaka arobaini, mcheshi, ameingia kwetu na salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", iliyopinda mpaka tukacheka wote. Anataka gari la kuzungukia minada. Alilijaribu mwenyewe hadi njia panda na kurudi, mimi nimekaa naye mbele, kiti changu kile kile. Liliwaka kama kawaida yake. Akasema, mama, hili gari lina adabu.

Kwa mtendaji wa mtaa kukawa na kisa. Charles, mtendaji mwenyewe, ana karatasi zake za mauziano zilizochapwa tayari, akatusomea: gari limeuzwa kama lilivyo. Mzee akakataa! Eti hayo ni maneno ya watu wanaoficha kitu. Akaomba kalamu, akaonyeshwa ule mstari, akaukata, akaandika kwa mkono wake: Gari ni zima, linawaka mara moja, asubuhi na jioni. Akasaini chini yake. Charles akanitazama, nikainua mabega. Nami nikasaini, shahidi wa muuzaji.

Kabla halijaondoka niliingia kuliaga. Nikakaa kidogo, Mwanahawa akawasha, nikateremka. Miaka kumi na moja tumekuwa nalo.

Jumapili, 1 Juni

Kanisani kwa miguu. Upepo wa Juni umeanza, vumbi mpaka kwenye meno. Baba Hilda haoni vizuri lakini masikio anayo — njia nzima anapima magari ya watu kwa mlio. Hiyo ni plagi. Hiyo beringi. Huyo hajamwaga oili tangu Krismasi! Nimecheka mpaka nimefika mlango wa kanisa bila heshima.

Jumatatu, 16 Juni

Mwanahawa amepiga simu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, mzee hajambo — halafu: mama, gari haliwaki.

Anasema siku likitaka linawaka, lisipotaka ndiyo basi. Fundi wake, Nurdini, amebadilisha betri, akabadilisha na stata. Juzi limemgomea nyumbani saa kumi na moja alfajiri, mzigo umo ndani, mnada ukampita.

Nimempa mzee simu. Amemwelekeza kwa upole, dakika ishirini nzima, vocha ya nani sijui. Alipokata akasema, hawajui kuliwasha.

Nikamwuliza, kwani kwako halikuwahi kugoma? Akafikiri. Mara mbili tatu, akasema, nikiwa peke yangu. Nikakuita, ukaja ukakaa, likawaka. Lilikuwa linakupenda wewe, Mama Hilda.

Mwongo huyu mzee. Nilifurahi lakini.

Alhamisi, 3 Julai

Usuluhishi kwa Charles. Mwanahawa amekuja kwa basi, mkononi dumu la mafuta ya alizeti. Nikamwambia, mwanangu, unatushtaki na unatuletea mafuta? Akasema kesi ni kesi mama, na zawadi ni zawadi.

Jicho la kulia lilipasuliwa wiki iliyopita, kwa hiyo Baba Hilda alikaa pale na kitambaa usoni. Kikalegea. Mwanahawa ndiye aliyeinuka kumfunga vizuri, akamwuliza kama kunauma. Halafu akarudi kwenye kiti chake na kudai hela yake yote, gari lirudi kwetu Nkuhungu. Hela yenyewe nusu imeshakuwa jicho!

Akausoma ule mstari kwa sauti. Linawaka mara moja, asubuhi na jioni. Baba Hilda akasema ndiyo, neno langu ni hilo, na ninalirudia.

Hapo Mwanahawa akasema: "Mzee wangu, nakuheshimu kama baba yangu mzazi. Lakini umeniandikia uongo."

Hawakupatana. Kurudi nyumbani mzee hakupima gari la mtu yeyote.

Jumanne, 15 Julai

Samansi imefika. Mahakama ya Mwanzo. Mdai Mwanahawa, mdaiwa mume wangu.

Ameisoma mwenyewe, kwa jicho jipya, mpaka muhuri. Kitu cha kwanza alichosoma bila kusaidiwa baada ya mwaka mzima ndicho hicho! Sikujua nimpongeze au nimpe pole. Nilimpa chai.

Jumapili, 20 Julai

Aibu ya leo sitaisahau.

Baada ya ibada upepo ulikuwa mkali, jicho la mzee bado bichi, Mchungaji Bartolomayo akatuambia tupande gari lake. Baba Hilda nyuma, mimi mbele. Mchungaji akatia ufunguo, akashika gia — na mkono wangu ukaenda wenyewe! Ukatua juu ya mkono wa Mchungaji. Ukasukuma!

"Mama Hilda," akasema, "kuna tatizo?"

Nikasema nzi. Nzi gani, Bwana nisamehe.

Njia nzima sikusikia walichozungumza. Nilikuwa nimekumbuka.

Mwaka wa kwanza wa gari, shambani kwetu Hombolo, siku ya kuvuna zabibu. Baba Hilda alikuwa amelifungua mwenyewe pale kwenye gia, siku mbili, akalifunga, akajisifu kwa kila jirani kwamba fundi wa nini. Jua linazama, likagoma. Anazungusha ufunguo, kimya. Mimi kwa woga nikaishika gia nikaisukuma mbele. Likawaka. Nikaelewa palepale: gia haikai vizuri mahali pake, na isipokaa gari haliwaki. Nikanyamaza, kwa jinsi alivyokuwa amejisifu. Safari iliyofuata nikaisukuma tena. Na tena. Mwisho nikasahau kwamba nafanya.

Miaka kumi na moja! Na siku ya majaribio nilikaa na Mwanahawa. Na siku ya kuliaga pia. Yule mama hajawahi kuliwasha mbele yetu bila mkono wangu hata mara moja. Nimemdanganya kwa mkono huu na sikujua. Na mume wangu anaitwa mwongo kwa jambo ambalo halijui kabisa.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeazimia kumwambia. Nimepika mlenda anaoupenda, ugali wa uwele, nikasubiri atulie.

Nikaanza, Baba Hilda, kuhusu gari. Akasema ngoja, na mimi nina neno. Kuna kitu nitamficha hakimu, akasema, hata aniapishe vipi. Kumbe amejua?

Akasema: "Kila nikitia ufunguo, mkono wako ulikuwa unakuja pale kwenye gia. Tumegombana, hatujagombana, unakuja. Mama yangu alipofariki, tunakwenda kuzika, ukaja. Nikasema moyoni, huyu mwanamke si msemaji, lakini anasema kwa mkono. Hiyo siwezi kuieleza mahakamani."

Kisha akanawa, akatoka kuangalia kuku, kwa haya.

Nimebaki na sahani. Nimwambieje sasa? Nampenda yule mzee, Mungu shahidi. Lakini sikuwa nasema kitu. Nilikuwa nasukuma gia.

Jumatano, 30 Julai

Mahakamani. Hakimu ni binti mdogo, miwani mikubwa. Mimi ni shahidi, nimewekwa nje, ila dirisha halina kioo. Amemwuliza: mzee, maandishi haya ni yako? Yangu, mheshimiwa. Unayasimamia? Nayasimamia.

Alisema kwa ile sauti yake ya kazini, ya siku alizokuwa akivaa kaunda suti. Nikauma khanga.

Mwanahawa akaeleza betri, stata, minada sita iliyompita. Hakimu akaamua: gari liletwe hapa hapa uwanjani, tarehe kumi na tatu, kila upande uliwashe mbele ya mahakama.

Nje tulikaa benchi moja, yeye na mimi, akanimegea chapati yake. Akasema wateja wake wa minadani wamehamia kwa mwingine, wengine walikuwa naye tangu aanze na mashuka kumi kichwani. Akafuta macho na mtandio. Halafu akasema kinachomuuma zaidi ni kwamba alimpenda mzee, na mzee akamfanyia hivi.

Chapati niliyomegewa nikaifunga kwenye pindo la khanga.

Jumanne, 12 Agosti

Nimejaribu mara tatu leo. Asubuhi alikuwa anang'arisha viatu vya kesho, anapiga mluzi. Mchana Hilda alipiga simu kutoka Mwanza — baba, una wasiwasi? Hana. Jioni alikunja lile tambara, akalitia mfuko wa koti.

Ana uhakika na gari lake. Ndicho kinachonimaliza.

Nikinyamaza na mkono ukafanya kazi yake, tunashinda, na Mwanahawa anarudi Kondoa na chuma kisichowaka. Nikinyamaza na mkono ukatulia, mume wangu anaandikwa mwongo kwenye jalada la serikali. Nikisema, nampokonya kitu alichokitunza miaka kumi na moja.

Shati lake nimelipiga pasi mara mbili.

Jumatano, 13 Agosti

Mwandiko wa leo hausomeki. Naandika benchini, hakimu ameingia ndani na karatasi zake. Tumeambiwa tusubiri.

Gari lililetwa likivutwa na lori. Limechafuka, maskini. Baba Hilda akatoa tambara akafuta kioo kwanza, mahakama nzima inangoja!

Nurdini akajaribu. Kimya. Mwanahawa akajaribu. Kimya. Baba Hilda peke yake, mara tatu. Kimya. Watu wakaacha kesi zao wakasogea kutazama. Nikaona shingo yake inazama kwenye kola.

Akatoa kichwa dirishani. Mheshimiwa, akasema, gari hili nimeliendesha mke wangu akiwa pembeni. Naomba akae kiti chake. Watu wakacheka. Hakimu akakubali.

Nikapanda. Mkono nikauweka mapajani.

Akangoja. "Mkono, Mama Hilda," akanong'ona.

Mwanahawa alikuwa amesimama mbele ya kioo, mtandio mdomoni. Nikasema. Polepole, kwa mume wangu peke yake. "Baba Hilda, gia haikai. Tangu ile siku ya Hombolo, ulipolifungua. Nilikuwa naisukuma. Hakuna aliyekuambia uongo ila mimi."

Akatazama mbele. Sijui jicho lile jipya lilikuwa linaona nini.

Kisha akauchukua mkono wangu mwenyewe, akauweka juu ya gia, akaweka wake juu, tukasukuma pamoja. Akazungusha ufunguo.

Likawaka mara moja!

Mwanahawa akapiga kigelegele, akasahau yeye ni upande gani.

Baba Hilda akazima. Akateremka, akafunga kifungo cha koti. Akasema: "Mheshimiwa, gari ni bovu. Niliandika ni zima kwa mkono wangu. Nilikuwa sijui. Naomba iandikwe hivyo, kwamba dereva alikuwa hajui." Mbele ya watu wote wale! Nilitamani ardhi inimeze. Na nilimpenda kupita siku ya harusi yetu.

Nurdini ameshalala chini ya gari, anapiga kelele kwamba ni kitu kidogo tu, kimelegea. Mzee atarudisha hela, atalipia fundi, ataambiwa nini — hatujui. Mwanahawa amekuja kukaa benchi letu, si lile la wadai, na chapati zake.

Baba Hilda alikaa pembeni yangu. Nikamwuliza kwa sauti ndogo, umekasirika? Akatazama gari. Nikasema, nisamehe kwa ule mkono, wewe uliuelewa vingine. Bado anatazama gari.

Sasa hivi tu ndiyo amefungua mdomo. Hakunigeukia.

"Kuwasha ni sekunde moja," amesema. "Kutoka Nkuhungu hadi Hombolo karibu saa nzima. Mkono hukuwahi kuutoa."

Ni kweli. Sikuwahi kuutoa.

Karani amesimama mlangoni, anaita majina yetu. Mwanahawa ameshainuka. Inabidi nifunge daftari, nashindwa. Mimi mwalimu mstaafu naandika kwa kushoto kama mtoto wa chekechea, kwa sababu wa kulia ameushika yeye, watu wote wanatazama, na hapa benchini hakuna gia.