Boneti Inayofungukia Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Nimeipima tena boneti yetu ya faiba kabla ya kwenda kazini. Upande wa dereva mwanya unaingia kidole kizima. Upande wa pili hata wembe haupiti. Boneti haijapinda. Ni sisi tulioilaza vibaya. Nimeisukuma polepole, kisha nikakata soli ya slipa kuukuu vipande vya unene mmoja, nikavipachika kwenye mwanya kuizunguka ili isiteleze. Sasa imekaa sawa. Nimesimama mbali nikaitazama. Nimeipenda.

Gari lote liko tayari isipokuwa hiyo. Injini inanguruma. Breki zinashika. Viti nimevishona mwenyewe, maana ndiyo kazi yangu hapa Malindi, kushona viti vya magari ya watu. Nyaya zote ni kazi ya Sidi, mdogo wangu. Gari tulilinunua likiwa kwenye masanduku, kwa mgeni aliyeshindwa kuliunganisha akarudi kwao. Kila kipande kilikuwemo ila bawaba za boneti. Pengine ndizo zilizomshinda.

Mimi hazitanishinda.

Sidi anaondoka Jumapili. Amepata kazi kwenye mitambo ya umeme wa upepo, Turkana. Mkataba wa miaka miwili. Tuliahidiana tangu tulipofungua sanduku la kwanza: safari ya kwanza tutakwenda sote wawili, hadi kwa Mama, Kaloleni. Basi ni Jumamosi.

Jumanne, 4 Machi

Ubishi tangu asubuhi. Sidi anataka bawaba zikae nyuma, karibu na kioo, kama magari mengi. Mimi nataka ziwe mbele. Bawaba zikiwa nyuma, siku komeo litakapoachia njiani, upepo utaingia chini ya boneti na kuitupa kwenye kioo. Zikiwa mbele, upepo huohuo utaikandamiza chini.

Anasema hakuna muda. Pua ya boneti itagonga taa kila ikiinuliwa. Ni kweli, kwa bawaba za dukani. Kwa hiyo sitatumia za dukani.

Mchana nimekata mfano wa kadibodi. Bawaba yenye mkunjo kama shingo ya bata. Inaisogeza boneti mbele kwanza, halafu ndipo inailaza. Nimeijaribu kwa misumari miwili. Pua imepita mbele ya taa bila kugusa. Sidi ametazama. Hakusema nimekosea, nami hilo lanitosha.

Jirani yetu Bi Zuhura kaja mlangoni. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Hicho chuma chenu chanipasua kichwa, nami nimefunga. Adhuhuri niacheni nilale." Ana haki. Tutafanya kazi za kelele asubuhi tu.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mutua, fundi wa kuchomelea pale nyuma ya duka langu, alinikunjia bawaba mbili za chuma kwa mfano wa kadibodi yangu. Nimezishika mkononi. Nzito, sawasawa, nzuri. Nikarudi nyumbani ninapiga mluzi.

Sidi alikuwa uani, amekaa chini, boneti pembeni yake. Alitaka kutoboa matundu kabla sijafika. Akaiinua peke yake. Upepo ukaipiga kama tanga, ikamponyoka, ikaangukia pembe. Ufa mrefu kama mkono wangu.

Nilimwambia mara nyingi kwamba ni ya watu wawili. Si nzito, ila ni pana, haishikiki.

"Nilitaka ukija ukute kazi imekwisha," alisema.

"Imekwisha kweli. Una haraka ya kwenda? Nenda basi. Nenda hata leo."

Akachukua mkoba wake akatoka. Amekwenda kwa rafiki yake, mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa hapa mjini. Sikumzuia.

Nina hasira. Si ya boneti. Ufa huzibika. Nina hasira kwamba anaondoka na kwamba anaondoka akiwa na furaha. Nimeliandika, sasa lipo.

Kanisani nimepakwa majivu nikiwa na vumbi la faiba shingoni. Linawasha.

Alhamisi, 6 Machi

Amerudi kabla jua halijapanda. Ameleta kopo la resini, ile gundi ya faiba, na kitambaa chake. Hakubisha hodi. Nimesikia msasa ukikwaruza uani, nikajua ni yeye.

Nimetoka na chai. Tukaanza kazi. Resini haingoji mtu kwenye joto hili, ikifika saa nne inagandia koponi. Yeye akachanganya, mimi nikapaka. Tabaka, kitambaa, tabaka. Chini yake tumelaza ubavu wa mbao nyembamba na kuufunika, ili boneti isitikisike tena kama karatasi. Wazo la ubavu ni lake. Ni wazo zuri na nimemwambia.

Akaniuliza bila kuinua macho, "Dada, ungependa nisiende?"

"Ningependa usiende. Na ukibaki nitakufukuza."

Akacheka. Nami nikacheka. Mambo yamekwisha.

Kiraka ni kibaya kukitazama lakini kigumu. Nimekigonga kwa fundo la kidole. Kinalia kama mlango.

Ijumaa, 7 Machi

Imekaa! Imekaa, imekaa.

Tumeilaza mahali pake, vipande vya slipa vikiwa kwenye mwanya, tukatia alama za matundu kutoka chini. Nilijipenyeza chini ya pua chali, mchanga mgongoni. Tundu la kwanza nilitoboa dogo. La pili hivyo hivyo. Tukatia bolti bila kuzikaza, tukaiinua pamoja, huku Sidi anahesabu kwa sauti kama mwalimu wa chekechea. Upande wa kushoto ukasita. Nikalegeza, nikasogeza bawaba kama unene wa shilingi, nikakaza. Tukainua tena.

Ikasogea mbele. Ikapita taa. Ikasimama wima yenyewe.

Tuliifungua na kuifunga hadi Bi Zuhura akachungulia ukutani kujua tunachekea nini. Sidi amefunga komeo upande wa kioo. Rangi bado. Kiraka kinaonekana cheupe kama bandeji. Sijali. Hakuna gari la namna hii Malindi nzima, na boneti yake inafunguka kwa bawaba nilizozibuni mimi.

Kesho Kaloleni.

Jumamosi, 8 Machi

Tumefika. Naandika kwa Mama, mezani, nyama yake ya mbuzi ikiwa tumboni.

Nimeendesha mimi hadi Kilifi, kisha Sidi akashika usukani. Hadi Mavueni, tulipokata kona ya kupandia huku, kila kitu shwari. Watoto wakipunga mikono. Halafu kwenye mteremko mmoja lori likaja mbele yetu, kasi, karibu mno. Upepo wake ukatupiga. Tukaingia shimo. Nikasikia *tak*.

Komeo limeachia.

Nikaona ukingo wa boneti unainuka mbele ya kioo. Kidogo, kama kifuniko cha chungu kinachochemka. Sidi akapiga kelele. Mimi sikupiga. Nilijua bawaba ziko mbele. Upepo wa mbele ukaikandamiza, ikalala. Ikacheza mara moja, ikalala tena. Tukasimama pembeni ya barabara bila hata mkwaruzo kwenye kioo.

Sidi akazima injini. Angeshinda ule ubishi, sijui leo tungekuwa wapi. Sikusema. Alisema mwenyewe.

"Ingekuwa ya kwangu, ingetukata vichwa."

"Komeo ni lako," nikamwambia. Kisha nikaona uso wake, nikamshika bega. Ndoano ya komeo ilikuwa fupi tu. Tumeifunga boneti kwa mkanda wa suruali yake na kuja polepole, yeye akishika suruali kila tuliposhuka.

Mama alitusikia kabla hajatuona. Kalizunguka gari mara mbili. Kaweka kiganja juu ya kiraka.

"Hapa paliumia."

"Pameshapona, Mama," Sidi akasema.

Mama akaagiza boneti ifunguliwe. Akaagiza ifungwe. Akaagiza ifunguliwe tena, ili majirani waliofika baadaye nao waone. Jioni Sidi amerefusha ndoano kwa chuma cha mlango wa banda. Nimeivuta kwa nguvu zangu zote. Haitoki.

Jumapili, 9 Machi

Nimempeleka Sidi Mariakani kupanda basi la Nairobi. Mama ameagana naye mlangoni, hapendi stendi. Njiani tumezungumza juu ya rangi. Yeye anataka nyekundu. Mimi nitachagua.

Basi lilikuja mapema. Mkoba ukapakiwa. Akanikumbatia haraka, akapanda, akakaa upande wa pili ambapo sikumwona. Basi likaondoka.

Gari lilikuwa limeelekea stendi, na stendi imejaa watu. Nikafungua komeo, nikaiinua boneti. Ikasogea mbele, ikasimama wima kama ukuta baina yangu na wote wale. Nikainamia injini. Nikalia hapo, nimeshika kifuniko cha betri, hadi nikamaliza.

Mwanamume mmoja akapita ubavuni. "Mama, limekufa?"

"Halijafa. Laenda."

Nikafuta mikono. Nikaishusha boneti kwa mkono mmoja, nikasikia komeo limeshika. Nikaondoka.