Punda wa Kwenye Miwani

Alawiya, Bi Mardhiya amevunjika mkono. Kaangushwa na punda. Na ni mimi niliyemponza.

Si unamjua, yule mgonjwa wangu niliyekuwa namtibu woga wa punda kwa ile miwani ya VR. Anaivaa, anamwona punda anamjia, na masikioni anasikia kwato na mlio kama wa kweli. Siku ya kwanza alilia. Juzi alisimama anatabasamu.

Na mimi kila mara namwambia, "Simama tu Bi, atapita." Simama tu, atapita. Wallahi ndiyo maneno yangu.

Leo asubuhi katoka peke yake kwenda sokoni. Punda akaja kichochoroni, watu wote wakajibanza ukutani. Yeye kasimama katikati.

Punda wa kwenye miwani hana mzigo, Alawiya. Huyu kabeba magunia ya mchanga, yametokeza huku na huku. Gunia likamkumba. Mimi nimezaliwa hapa Amu, punda wa mizigo nawaona kila siku, vipi sikuliwaza hilo?

Nimekwenda hospitali kumjulia hali. Kaniona tu, mkono umo kwenye plasta, akatabasamu.

"Mwanangu, nilisimama. Sikuogopa hata kidogo. Umefurahi?"

Nimemwambia nimefurahi.