Nilisahau neno "kadudu"

Sandrine, kama uko ku pause ya kazi, soma hii. Niko na aibu sana.

Mama mukwe alirudi toka Uvira na malaria. Tuko naye ku hopitali hapa Buffalo tangu asubuyi. Mutafsiri wa ku simu alikatika, donc munganga akaniomba mimi nitafsiri.

Akanielezea dawa ya pili. Kadudu ka malaria kako na kiungo kidogo ndani, na hakawezi kutengeneza kingine kipya. Kila mtoto wa kadudu anarithi cha mama yake. Dawa inaharibu kile kiungo. Kale kadudu mama kanaendelea kuishi, lakini batoto banazaliwa bila kiungo kizima, banakufa. Njo maana dawa inakawia, asiache kuimeza.

Unajua nilimuambia nini? "Mama, hii dawa haiui mama. Inaua batoto."

Inaua batoto. Nilisema vile na sura ya kutulia kabisa.

Akatema kidonge mu mukono. "Batoto ba nani?"

Na mimi, bon, nikamujibu: "Bale batazaliwa."

Sandrine, niko na mimba ya miezi saba. Akaangalia tumbo yangu, akaangalia kidonge.

Mbele nifungue kinywa, alishapigia Polycarpe ku kiwanda, kule Tonawanda: "Bibi yako ananipa dawa ya kuua mujukuu wangu."

Munganga akamuchorea kadudu ku karatasi. Akaelewa, akameza, sasa analala.

Lakini bwana yangu ametoka ku kazi, yuko njiani, simu hajibu. Akifika, safari hii nitaanza na neno kadudu.