Kile Kiti Nilichokupa

Buhongwa, Mwanza

Mwanangu Gladness,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Huku Buhongwa mkutano hauanzi mpaka baba yako mdogo nifike. Juzi hata mvua ilinisubiri.

Barua yako nimeipata. Ulifanya vyema kuwaambia wenzako hapo Chuo cha Mvua kwamba wewe ni damu ya watemi, huli meza moja na binti wa mvuvi. Unasema Ijumaa mtaapishwa, kila mmoja juu ya kiti cha ukoo wake, na anayekalia kisicho chake ziwa linamchukua.

Mihogo imestawi. Mbuzi kazaa mapacha.

Tangu uondoke, kila adhuhuri mzee mmoja anaingia uani, nguo zikichuruzika maji. Namwambia, "Shikamoo mzee, kiti hiki hapa." Anakaa chini, vumbini. "Marahaba. Nasubiri changu."

Gladness, kile kiti nilichokupa usikikalie. Kirudishe kwa boti ya kwanza, na huyo binti wa mvuvi, ukale naye meza moja. Babu yako hakuwa mtemi. Alikuwa akimbebea mtemi kiti, na siku mtumbwi ulipozama, aliokoa kiti.

Baba yako mdogo,
Maige, mtoto wa mbeba kiti