Kitunga cha Harusi Hakiuzwi Goma

Koku mdogo wangu,

Pokea salamu za Goma, huku asubuhi tunaota jua kama paka. Kile kikapu cha Kongo ulichoniomba kwa harusi yako kimenitia aibu! Nilikinunua ziwani, nje ya hoteli ya Wazungu. Muuzaji alipoona viatu vyangu akaniita "Madamu". Kichwa kikanivimba, nikalipa bila hata kukigeuza. Mvua ikanikuta njiani. Nafika mtaa wa Mapendo kwa shangazi, rangi yote imehamia kwenye gauni na kitako cha kikapu kimeachia.

Jirani yake, Mama Furaha, muuza maharage, alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, ile ni ya kutundika ku ukuta! Haibebe kitu."

Nikamwomba basi aniuzie kimoja cha kwake, imara, cha harusi. Akaacha kucheka.

"Kitunga ya ndoa hatuuzishe. Tunapeana tu. Mutu akikuuzishia, ujue anakudanganya."

Nikajua nitarudi kwako mikono mitupu. Yeye akaingia ndani, akatoka na kitunga kipya alichokisuka mwenyewe, kimejaa maharage, akakiweka mapajani pangu.

"Pelekea mudogo wako. Lakini airudishe yeye mwenyewe, na isirudi tupu."

Basi anika kahawa zetu za kutafuna, nyingi, na umwambie bwana harusi ajue njia ya Goma. Bukoba nzima naibusu, wewe mara mbili.

Dada yako,
Adela