Kaunta Yenye Majina

Bugembe, Alhamisi

Hapana, sijutii. Mjane wa sajini, mwanamke wa umri wangu, nimepanda juu ya kaunta ya baa mbele ya mafundi na nikakataa kushuka.

Jengo letu la baa pale Jinja limeuzwa, litavunjwa, litajengwa ghorofa. Hilo nilishalikubali. Lakini leo nilipokwenda kuchukua viti vya mwisho, nilimkuta msimamizi wa ujenzi ameshika shoka. Alitaka kuipasua kaunta iwe kuni za kuwapikia wafanyakazi wake.

"Bwana, ubao huo una majina ya watu," nikamwambia.

Wanajeshi waliokuwa wakipelekwa vitani waliyachonga kwa kisu, mume wangu akiwa hai. Wengine hawakurudi.

"Mama, jengo si lako tena."

"Jengo si langu. Kaunta tuliileta sisi." Nikapanda juu yake. " Ukitaka kukata, anza na mimi."

Akauliza kwa sauti ya chini kama kuna jina la Wandera. Ndiye baba yake, alikuwa askari pale Jinja. Nikashuka, tukatafuta pamoja, jina kwa jina. Hatukulipata. Hata hivyo aliweka shoka chini, akawaita vijana wanne waipakie kaunta kwenye pikapu.

Sasa iko barazani kwangu hapa Bugembe, haipiti mlangoni. Naogopa mvua. Naogopa pia kwamba wateja wamezoea mjini, hawatanifuata nikifungua baa huku.

Binti yangu amepiga simu kutoka Mbale: "Mama, uza vitu vyote, uje ukae kwetu."

Nimemwambia nitakuja kuwasalimia. Kesho natafuta chumba cha baa, chenye mlango mpana.