Sala Uliyoisikiliza Ukutani

Kiplombe, Eldoret
27 Machi 1950

Kwako kaka mkubwa, Mwalimu Wepukhulu,

Jumapili ya tarehe 12 nilipoteza mahali pangu pa kusali, na Jumatatu nikampoteza mke wangu.

Mvua imeanza. Meza za shule nimemaliza nane.

Miaka sita nimesali peke yangu ndani ya stoo ya mbao, robo saa kabla ya kushika randa. Vyote nilivyo navyo vilitoka kwenye ile robo saa. Wewe ndiwe uliyenifundisha kufunga mlango nikisali. Kisha ukaja kwangu ukiwa mgeni, ukasikiliza nyuma ya ukuta, ukasimama kanisani kwetu ukahubiri: "Ndugu yangu anamlilia Mungu asije akaoa mke wa pili." Ukasema huo ni mfano wa maombi. Namalwa, ambaye hajapata mtoto, akasikia tu kwamba nimewaza mke wa pili. Amerudi kwao.

Hukungoja mwisho wa sala, kaka. Mwisho nilimwambia Mungu kwamba Namalwa ananitosha.

Siku hizi kumi na tano nikipiga magoti nainuka tena, nazunguka nyuma ya stoo kutazama nani amesimama.

Utaenda kwao umwambie sala yote, au huendi? Nijibu kabla ya Ijumaa Kuu.

Ndugu yako,
Kituyi, seremala